Sakura haiwezi kuchanua Dar, mkrismasi wa Upanga unahitaji nafasi tu

KILA ifikapo mwishoni mwa Machi, simu za wakazi wa Dar es Salaam hupokea picha zilezile: miti ya mcheri, ambayo Wajapani huiita sakura, ikiwa imefunikwa na maua meupe na ya waridi kiasi cha kutoonekana jani hata moja. Picha hizo hufika wakati jiji linaingia katika masika, Bonde la Jangwani likitishiwa na maji na mitaa ya Kariakoo ikianza kujaa matope. Haishangazi, basi, kwamba wapo wanaoutamani mti wa namna ile uani kwao, na wengine wakafikia hatua ya kuagiza mbegu zake kupitia mtandao.

Kwa mkazi wa Upanga, fedha hizo ni afadhali zibaki mfukoni. Mcheri wa maua hauwezi kuchanua Dar es Salaam, na sababu yake si uhaba wa maji, wala ubovu wa udongo, wala uvivu wa mtunzaji. Ni ukosefu wa baridi.

Wakati huohuo, mti unaoweza kuziba pengo hilo, tena kwa maua mekundu yanayoonekana kutoka mbali, upo Upanga tayari. Ni mkrismasi. Adui yake mkubwa mjini si mdudu wala ukame, bali zege, waya na msumeno, na mara nyingi balaa hilo huandaliwa na mtu yuleyule aliyeupanda kwa mapenzi.

Baridi isiyopatikana

Mcheri ni mti wa nchi zenye majira manne. Yanapokaribia majira ya baridi hupukutisha majani, hufunga machipukizi yake na kulala. Ndani ya machipukizi hayo maua ya mwaka unaofuata yamekwisha kuumbika tangu kiangazi, lakini hayafunguki mpaka mti upate uthibitisho kwamba baridi imekuja na imepita. Uthibitisho huo hupatikana kwa namna ya kuhesabu: sharti mti upitiwe na mamia ya saa za baridi ya chini ya takriban nyuzijoto 7, ndipo joto linapopanda uamke na kuchanua kwa pamoja. Usipozipata saa hizo, machipukizi hubaki yamefumba, au hufunguka machache machache bila mpangilio, na mti hudhoofika mwaka hadi mwaka kama mtu anayenyimwa usingizi.

Dar es Salaam, usiku wa Julai ambao ndio wa baridi kuliko yote, kipimo kwa kawaida hushuka hadi nyuzijoto 18 hivi. Anayejifunga kanga mabegani alfajiri ya Julai akisubiri daladala anaweza kubisha, lakini kwa mcheri hilo bado ni joto. Hata Japani kwenyewe hesabu imeanza kuvurugika. Mjini Kyoto, ambako kumbukumbu za siku za kuchanua zimehifadhiwa kwa takriban miaka 1,200, kilele cha maua mwaka 2021 kilifika Machi 26, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika kumbukumbu hizo.

Biashara ya mbegu za sakura mtandaoni ina kasoro nyingine ambayo wauzaji hawaisemi. Aina maarufu kuliko zote, Somei Yoshino, ile iliyojaa Tokyo, haizalishwi kwa mbegu. Huzalishwa kwa kubebesha, yaani kikonyo cha mti mama huunganishwa kwenye shina la mche mwingine, na ndiyo maana miti yote ya aina hiyo ni nakala moja na huchanua karibu siku moja. Mbegu haitoi nakala hiyo. Aidha, mbegu ya mcheri hudai wiki kadhaa za baridi yenye unyevu kabla ya kuota. Mnunuzi mwenye bidii huiweka kwenye jokofu, ikaota, akafurahi, na baada ya mwaka mmoja au miwili akabaki na kijiti chenye majani ya madoa ya ukungu.

Lipo pia suala la sheria. Mbegu na miche kutoka nje haviingii nchini kwa kutiwa ndani ya bahasha ya zawadi. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020, ndiyo inayotoa vibali vya kuingiza mimea, na mzigo hutakiwa uambatane na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Utaratibu huo si usumbufu wa bure. Magonjwa mengi ya mazao yamesafiri kutoka bara moja hadi jingine kwa njia hiyo hiyo ya mche mmoja uliofichwa mkobani.

Hii haina maana kwamba ukoo wa mcheri haumo Tanzania. Pichesi na plamu zinazoshuka kutoka Lushoto kuja kuuzwa Kariakoo ni za jenasi moja na mcheri, iitwayo Prunus, nazo hustawi kule kwa sababu milima ya Usambara ina baridi ya kutosha aina zisizodai nyingi. Katika misitu ya milimani, ikiwamo ya Kilimanjaro, huota ndugu yao wa asili, Prunus africana. Gome lake hutengenezwa dawa ya matatizo ya tezi dume, na uchunaji wake uliokithiri ndio uliofanya biashara yake iwekwe chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa CITES tangu mwaka 1995. Maua yake ni madogo meupe, na hakuna anayetandika mkeka chini yake kuyatazama. Mwenye shamba Lushoto au Njombe anaweza kujaribu ile michere ya maua ya Taiwan inayoridhika na baridi kidogo. Mwenye nyumba Upanga hana bahati hiyo.

Mgeni kutoka Madagascar

Jina la mkrismasi huwachanganya wengine, kwa kuwa "mti wa Krismasi" ni pia ule mvinje au msonobari unaopambwa taa sebuleni. Mkrismasi unaozungumzwa hapa ni ule mti mpana kama mwavuli, wenye majani madogo madogo mfano wa unyoya, ambao kati ya Novemba na Desemba hugeuka mwekundu karibu wote. Kitaalamu huitwa Delonix regia. Wakazi wa Upanga wenye asili ya India huujua kwa jina la gulmohar, jina ambalo babu na bibi zao walikuja nalo kutoka Gujarat, kwa kuwa kule pia mti huo umepandwa kila mahali.

Kwa kweli si wa India, wala si wa Pwani ya Afrika Mashariki. Asili yake ni misitu mikavu ya Madagascar. Mtaalamu wa mimea Wenceslas Bojer, mzaliwa wa Bohemia aliyefanya kazi Mauritius, ndiye aliyeutambulisha kwa wanasayansi wa Ulaya katika miaka ya 1820, na kutoka hapo ukasambazwa katika nchi zote za joto kwa sababu moja tu: uzuri wake. Dar es Salaam nayo imekuwa jiji la kujaribia mimea tangu enzi za Wajerumani, ambao mwaka 1893 walianzisha bustani ya mimea iliyopo hadi leo karibu na Makumbusho ya Taifa.

Mkrismasi umekubali Dar kwa sababu umekuta majira yanayofanana na ya kwao. Madagascar ya magharibi ina kipindi kirefu cha ukame katikati ya mwaka, kisha mvua kuelekea mwisho wa mwaka. Pwani nayo ina ukame wa Juni hadi Septemba, halafu vuli. Mcheri huhesabu baridi; mkrismasi husubiri kiu. Ukame unapozidi hupukutisha majani kwa sehemu au yote, na joto linapopanda kuelekea vuli hutoa maua, mara nyingi kabla majani mapya hayajakamilika. Ndiyo maana mti huohuo Gujarat huchanua Aprili hadi Juni, kabla ya mvua za monsuni za kule, na Dar huchanua karibu na Krismasi.

Ua lake linastahili kutazamwa kwa karibu, jambo ambalo wapita njia hawalifanyi. Lina petali tano. Nne ni nyekundu, na ya tano, iliyosimama wima, ina weupe au umanjano wenye michirizi myekundu. Baada ya maua hufuata maganda marefu ya sentimeta 30 hadi 60, magumu kama ubao, ambayo hukomaa taratibu na kuning'inia mtini kwa miezi mingi. Watoto huyafanya mapanga ya kuchezea, na yakikauka hulia kama kayamba.

Faida yake ya pili ni kivuli, na kivuli hicho kina akili ya majira. Miezi ambayo mti huwa na majani machache, Agosti na Septemba, ndiyo ambayo Dar huwa na nafuu ya joto. Majani hurudi tele joto linaporudi, na kuendelea hadi Februari na Machi, wakati ukuta wa zege uliopigwa jua mchana kutwa huendelea kutema moto hadi saa nne usiku. Anayetembea mchana kutoka Mnazi Mmoja kuingia Kariakoo, kisha akarudi kupitia mitaa ya Upanga iliyobakiza miti, hahitaji kipimajoto kueleweshwa tofauti.

Kuotesha

Mbegu ya mkrismasi haina gharama. Iko ndani ya ganda, ni ngumu, ndefu kiasi cha kiungo kimoja cha kidole, na inaweza kukaa miaka bila kuharibika. Ugumu huo ndio unaowakatisha tamaa wanaoifukia tu ardhini na kusubiri: maji hayapenyi. Kuna njia mbili za kuifungua. Ya kwanza ni kuisugua upande mmoja kwa tupa au kwenye sakafu mbaya ya saruji mpaka weupe wa ndani uanze kuonekana, kisha kuiloweka usiku kucha. Ya pili ni kuichemshia maji, kuyaepua, kuyaacha yatulie kidogo, kisha kuyamimina juu ya mbegu na kuziacha humo kwa saa 24. Zilizovimba ziko tayari. Zilizobaki kama zilivyokuwa zirudiwe.

Mbegu ipandwe kwenye kiriba kilichojazwa udongo, mchanga na samadi iliyooza vizuri, kina cha sentimeta 2 hivi. Kwa joto la Dar huchomoza ndani ya wiki moja hadi mbili. Mche hukua kwa kasi inayofurahisha, na hapo ndipo kosa la kwanza hufanyika: watu huuacha kiribani hadi ufike kifua, huku mizizi ikizunguka chini kama kamba iliyoviringwa. Mti uliokulia hivyo husimama vibaya maisha yake yote. Uhamishwe ukiwa na urefu wa futi moja hadi mbili.

Wakati mzuri wa kuhamishia ni mvua za masika zinaposhika, Machi mwishoni hadi Aprili, ili mizizi ipate wiki kadhaa za kuzama kabla ya ukame wa Juni. Shimo la sentimeta 60 kwa 60 linatosha. Upanga una udongo wa kichanga sehemu nyingi, lakini viwanja vilivyojengwa mara nyingi vimefukiwa vifusi, na si ajabu kukuta jembe likigonga vipande vya matofali na zege. Vifusi hivyo viondolewe, si kufunikwa. Udongo wa juu uchanganywe na mboji, mche usimamishwe kwenye usawa uleule uliokuwa nao kiribani, na ufungwe kwa utambaa mlaini kwenye mti wa kuegemea, kwa kuwa upepo wa kusi hauna huruma na shina changa.

Mwaka wa kwanza wa kiangazi, ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki inaokoa mche. Mwaka wa pili, mara moja kwa wiki. Baada ya hapo mti uachwe ujitafutie. Wenye bustani wanaomwagilia nyasi kila jioni hulalamika kwamba mkrismasi wao una majani mazuri na maua haba, na jibu ni kwamba wameunyima kiu yake. Mbolea za chumvichumvi zenye naitrojeni nyingi huleta matokeo yaleyale.

Subira inahitajika. Mti wa mbegu huanza kuchanua kwa kawaida kati ya mwaka wa 5 na wa 10. Na mwenye mche wa mwaka mmoja au miwili unaopukutisha majani yote Agosti asiharakishe kuung'oa; akwaruze gome kidogo kwa ukucha, na akiona ukijani chini yake, mti u hai.

Mahali pa kupandia

Maelezo yote yaliyotangulia ni rahisi. Gumu ni hili la mahali, na ndilo linaloamua kama mti utafika umri wa kuchanua mara thelathini au utakatwa mara baada ya maua ya kwanza.

Mkrismasi hupanuka kuliko unavyorefuka. Mti wa mita 10 kwenda juu unaweza kutandaza matawi kwa kipenyo cha mita 12 au zaidi. Chini ya ardhi hali ni hiyohiyo: mizizi yake mingi hukaa karibu na uso wa ardhi, hunenepa, na mti unapozeeka shina hujenga mbawa kubwa chini yake. Mizizi hiyo huinua vitofali, hupasua kuta nyepesi za uzio na kuvunja njia za waenda kwa miguu. Haivunji bomba zima la maji taka kwa ubabe kama wengi wanavyodhani, lakini bomba likiwa na ufa au kiungo kinachovuja, mzizi hufuata unyevu, huingia na kujaza bomba. Siku chemba inapofurika, lawama yote huenda kwa mti.

Kwa hiyo mita 8 kutoka kwenye nyumba, chemba au ukuta wa jirani ni kiwango cha chini, na mita 10 ni bora. Anayepima uwanja wake wa Upanga kwa hatua atagundua haraka kwamba nafasi hiyo hana, na ni heri agundue kabla ya kupanda. Usipandwe chini ya nyaya za TANESCO kwa hali yoyote. Mti uliopandwa chini ya waya hukatwa kila baada ya muda kwa umbo la herufi V, ukabaki na pande mbili zisizo na uwiano, na hatimaye upande mmoja huanguka.

Mkrismasi pia haupendi kivuli cha mwingine. Ukipandwa kati ya majengo mawili marefu hujipinda kutafuta jua, shina huinama, na maua hutoka juu tu kwenye ghorofa ya tano ambako hayafaidiwi na aliyeupanda. Hili ni jambo jipya Upanga. Mtaa huu ulipimwa na kujengwa kwa sehemu kubwa kabla ya uhuru wa 1961, ukiwa na nyumba za chini na ghorofa fupi zenye uwanja wa wazi kati yake. Tangu miaka ya 2000, kiwanja kimoja baada ya kingine kimebadilishwa kuwa jengo la ghorofa kumi au zaidi, na eneo lililokuwa bustani limekuwa maegesho ya magari. Wenye mamlaka ya ujenzi hupitia michoro ya nguzo na ngazi. Mizizi ya mti uliopo haichorwi.

Panga, msumeno na zege

Jina la mtaa lisichukuliwe kuwa maelekezo. Mkrismasi hupogolewa mapema na kidogo, si kwa kuchelewa na kwa hasira.

Mbao yake ni laini na matawi yake hukatika kirahisi kwa upepo. Kwa hiyo miaka mitatu au minne ya kwanza ndiyo ya kuujenga: abakizwe shina moja hadi urefu wa mita 2.5 au 3, ili watu na magari wapite chini, na matawi makuu yachaguliwe yale yanayotoka kwa pembe pana. Mawili yanayopanda sambamba yakibanana kama vidole, moja liondolewe lingali jembamba, kwa maana hapo ndipo mti mkubwa hupasukia. Mkato ufanywe karibu na shina bila kulichubua wala kuacha kisiki, na wakati wa kuufanya ni baada ya maua kwisha. Anayepogoa Oktoba atakuwa ameyakata maua ya Desemba.

Kinachofanyika mitaani mara nyingi ni kinyume chake. Mti huachwa miaka 15, kisha siku moja hukatwa kichwa chote, yabaki magogo matatu yaliyoelekea juu. Majani hurudi baada ya wiki chache na mwenye mti huridhika. Lakini matawi hayo mapya yameshikiliwa na gome la juu tu, na chini yake jeraha kubwa limeanza kuoza, na kwenye mbao laini kama hii mchwa na ukungu hawachelewi. Miaka michache baadaye tawi huangukia gari, na mti hutangazwa kuwa hatari. Ulifanywa hatari.

Zege huua polepole zaidi. Mzizi unahitaji hewa na maji, na vyote viwili huingia kupitia udongo ulio wazi. Mwenye nyumba anayetandika vitofali hadi kwenye gome kwa ajili ya usafi hupata ua lisilo na vumbi na mti unaokauka ncha za matawi miaka miwili mitatu baadaye, asiuone uhusiano. Mraba wa wazi wa angalau mita 2 kila upande, uliofunikwa majani makavu au kokoto, ndiyo bima ya bei rahisi kuliko zote. Vilevile, mafundi wasichanganye saruji wala kumwaga maji ya chokaa chini ya mti, na mtaro wa bomba jipya usipite karibu na shina. Mzizi mnene uliokatwa upande mmoja ni nanga iliyokatwa. Mti unaweza kusimama mwaka mzima, kisha ukalala siku ya upepo.

Kwa miti mizee iliyopo kando ya barabara, alama za kutazamwa ni chache na hazihitaji utaalamu mkubwa: uyoga mgumu kwenye kitako cha shina, udongo uliopasuka upande mmoja kama mti umeanza kunyanyuka, njia za mchwa zinazopanda hadi matawini, na tawi kubwa lisilotoa majani wakati mengine yametoa. Ikionekana mojawapo, taarifa huanzia ofisi ya serikali ya mtaa. Upanga Mashariki na Upanga Magharibi ziko chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, hadhi ambayo iliyokuwa Manispaa ya Ilala ilipewa Februari 2021, na barabara nyingi za mitaa ziko chini ya TARURA. Mti ulio katika hifadhi ya barabara si mali ya mwenye duka lililo mbele yake, hata kama majani yake yanaangukia ubao wake wa matangazo.

Wasio na uwanja

Familia nyingi za Upanga leo zinaishi ghorofani. Kwao mkrismasi ni mti wa kupandwa mahali pengine: kwenye viwanja vya shule, ambavyo mtaa huu unavyo vingi, Azania, Jangwani, Zanaki na Tambaza zikiwa baadhi, na penginepo penye mita 10 za wazi kila upande. Mwenye ua mdogo anaweza kuridhika na msanapichi, mti mfupi wa maua meupe yenye harufu nzuri, ambao mizizi yake haigombani na kuta.

Na kwa mwenye baraza moja tu la ghorofa ya saba, ambaye bado anataka yale maua ya waridi ya kwenye picha, upo mmea unaofanana na sakura kuliko mkrismasi unavyofanana nayo. Huitwa na wauza maua waridi la jangwani, kitaalamu Adenium obesum, na asili yake inajumuisha Afrika Mashariki. Huishi ndani ya chungu chenye matundu na udongo wa mchanga mwingi, hutaka jua kali na maji kidogo, shina lake hunenepa kama kibuyu, na huweza kuchanua likiwa halina jani. Liwekwe mbali na watoto na mifugo. Utomvu wake ni sumu, na katika sehemu mbalimbali za Afrika wawindaji wameutumia kwenye ncha za mishale.